Duka la Hadithi za Watoto, Mwanga, Kigoma: Rafu Nzuri, Mpangilio wa Kishule

Anayetafuta kitabu cha kiada hapa Kigoma hahangaiki sana, lakini anayetaka hadithi ambayo mtoto ataisoma bila kuamriwa huishia kwenye steshenari, katikati ya madaftari na rula. Duka dogo lililo jirani na soko la Mwanga linauza hadithi za watoto peke yake, na kwa sababu hiyo tu linastahili kutembelewa.

Kilichonivutia zaidi ni meza ya vitabu vilivyotumika, kwani humo mtu mzima anaona jinsi fasihi ya watoto ya Kiswahili ilivyokaa muda mrefu mikononi mwa walimu kabla ya kumfikia mtoto mwenyewe. Nilikuta nakala iliyochakaa ya Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, kazi ya mwaka 1952 iliyochota kisa chake katika Alfu Lela Ulela na kukifanya darasa la tabia njema. Zama hizo za ukoloni sehemu kubwa ya hadithi zilizochapishwa kwa ajili ya wanafunzi ilikuwa tafsiri. Hata Alice, msichana wa hadithi ya Mwingereza Lewis Carroll, alipata kuitwa Elisi katika toleo la Kiswahili lililotoka London mwaka 1940. Toleo hilo halimo dukani, wala simlaumu mwenye duka.

Rafu ya mbele ni uzao wa kipindi kingine. Mwaka 1991 ulianzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania kwa msaada wa CODE, shirika la Kanada, na mbinu yake ilikuwa ya kibiashara kuliko ya kifasihi: mradi ulinunua sehemu ya nakala za kila kitabu ulichokiidhinisha na kuzigawa shuleni, hivyo mchapishaji hakuogopa tena kuchapa. Ndiyo maana leo tunavyo vitabu vyembamba vyenye picha nyingi na herufi kubwa, ambavyo wahusika wake wanachota maji, wanapanda daladala na kugombana na dada zao. Kasoro yake ni kwamba katika vingi mtoto mtukutu lazima aumie kabla ya ukurasa wa mwisho.

Huduma ni ya upole. Watoto wanaruhusiwa kuketi mkekani na kusoma hata kama mzazi hajanunua kitu, na kila kitabu kinachonunuliwa huambatana na penseli. Mbinu hiyo ni kongwe: mwaka 1744 John Newbery, mchapishaji wa London, aliuza kitabu chake cha watoto pamoja na mpira kwa mvulana au kijimto cha kuchomekea pini kwa msichana.

Malalamiko yangu ni mawili. Vitabu vimepangwa kwa madarasa, kana kwamba mtoto wa darasa la tano haruhusiwi kucheka na kitabu cha darasa la pili. Na hadithi zinazotokea ziwani, kwa wavuvi wa dagaa au katika mitaa ya Ujiji, ni chache mno. Bei za vitabu vipya ziko juu kidogo, jambo linaloeleweka kwa mzigo unaosafiri kutoka Dar es Salaam. Mwenye kipato kidogo aanzie kwenye meza ya vilivyotumika, na afike Jumamosi asubuhi kabla walimu hawajaipekua.