Gari zuri, injini ya kutiliwa shaka

Gari hili nililinunua likiwa limetumika, nikalivusha Pemba kwa meli, na katika safari zangu za Chake Chake hadi Wete lilinipendeza kwa wepesi wake. Kasoro imo ndani ya injini: chembe za chuma huziba njia za oili, beringi (vipande vinavyoshikilia mhimili unaozunguka) zikakosa ulainisho, zikaanza kugonga, na hatimaye injini hukwama isizunguke tena. Fundi wangu, ambaye namwamini kama ndugu, alinionyesha chembe hizo ndani ya chujio la oili. Kinachoniuma ni kwamba mtengenezaji, ingawa wamiliki wenzangu wamemlalamikia, hajayaita magari haya yarudishwe kutengenezwa, na wakala wake alinijibu kuwa nilichelewa kubadilisha oili, ilhali risiti zote ninazo. Simshauri mtu alinunue.