Uzoefu wangu wa kuchajia gari barazani, na ekstensheni iliyotaka kutuunguza

Nianze na hukumu, kwa sababu hasira bado haijanitoka. Ekstensheni ya gurudumu, ile ya mita 30 inayouzwa hapa Tanga mjini kwa sifa ya "kazi nzito", naipa nyota moja, na hiyo moja ni kwa ajili ya gurudumu lake, ambalo wajukuu wangu wanalisukuma uchochoroni mpaka leo.

Sifa za gari lenyewe sitazieleza, kwa kuwa anayezitaka atazipata. Itoshe kusema kwamba ni Nissan Leaf, gari la umeme lililokwisha kutumika Japani, na kwamba nyumba yangu iko Ngamiani, ambako baraza inatazamana na barabara moja kwa moja: hakuna ua wa mbele, hakuna geti, wala hakuna pa kuegesha hata mkokoteni. Gari hulala nje kama magari mengine ya mtaani, na soketi iliyo karibu nalo zaidi iko sebuleni, nyuma ya kochi.

Nilipokwenda kununua ekstensheni sikwenda kama mtoto aliyetumwa chumvi. Nilimweleza kijana wa dukani kwamba chaja ya gari langu inavuta ampea 10, ambazo kwa umeme wetu wa volti 230 ni wati 2,300, na kwamba itavuta hivyo usiku kucha. Hapo ndipo watu wengi wanapodanganyika, kwa sababu pasi nayo hula wati nyingi, lakini pasi hupata moto ikajizima, ikapoa, kisha ikajiwasha tena, ilhali gari huvuta kwa nguvu ileile saa nane hadi kumi mfululizo. Kijana aliipiga ekstensheni kwa kiganja, kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni, akaniambia, "Mzee wangu, hii hata mashine ya kuchomelea inabeba." Nikalipa, nikashukuru.

Wiki ya kwanza ilipita salama. Waya ulitoka dirishani, ukakatiza baraza, ukapita chini ya kipande cha jamvi nilichokitandika njiani ili wanaokwenda kuswali alfajiri wasijikwae, ukaishia kwenye pua ya gari, maana tundu la kuchajia la Leaf liko mbele kabisa. Mita zilizotumika hazikuzidi 12. Zilizobaki niliziacha zimezungushwa kwenye gurudumu, na gurudumu nikalisukumia nyuma ya kochi ili lisituharibie sebule.

Usiku mmoja, masika yakiwa ndiyo kwanza yanaanza, mke wangu aliniamsha akisema kwamba kuna mtu anachoma ndala. Hakuna aliyekuwa akichoma ndala. Nilipolivuta kochi nilikuta waya uliozungushwa umeyeyuka, mizunguko imeshikana na kuwa donge moja linalong'aa kama halua iliyotoka jikoni sasa hivi, na kitambaa cha nyuma ya kochi kina duara la kahawia lenye ukubwa wa sahani. Nilichomoa plagi kwa kuizungushia kanga. Kilichonitisha zaidi ni kwamba fyuzi ya ampea 13 iliyo ndani ya plagi ilikuwa nzima, na breka ya kwenye meni swichi haikujigusa. Baadaye nilielewa kwamba hakuna kilichokosea hapo: fyuzi hukatika umeme unapozidi kiwango chake, na ampea 10 hazijazidi 13. Fyuzi haina habari kwamba waya ulioko mbele yake ni mwembamba, au kwamba umefunikwa na mizunguko ya waya mwingine usio na pa kutolea joto.

Asubuhi nilikwenda dukani na donge langu ndani ya kiroba. Kijana hakuniamkia, jambo ambalo katika mji huu hata mgomvi wako hakunyimi. Alichungulia ndani ya kiroba, akauliza mbele ya wateja, "Umechajia gari? Mzee, hizi tunawauzia watu wa maulidi wafungie spika na taa. Gari unalichajije na waya wa spika?" Wateja wakacheka. Nilimkumbusha mashine ya kuchomelea. Akasema hakumbuki, na kwamba bidhaa ikishaungua hairudishwi, kisha akamgeukia mteja mwingine wakati mimi bado ninazungumza. Mji wetu tumeupa jina la Waja Leo Waondoka Leo, na siku ile nilihisi kwamba fedha yangu nayo ilikuwa mgeni wa namna hiyo.

Sasa niseme la haki, ingawa linaniuma. Nilipotulia nyumbani niligundua kwamba kosa la kwanza lilikuwa langu. Ekstensheni ya gurudumu ikibebeshwa mzigo mkubwa hukunjuliwa yote, hata kama unahitaji mita tano tu, kwa sababu kila waya unaopitisha umeme hutoa joto, na ulio wazi hulitawanya hewani wakati uliozungushwa hulirundika. Kwa hiyo nilikuwa tayari kuandika kwamba bidhaa ni ya wastani, mtumiaji ndiye aliyezembea, na duka lisamehewe isipokuwa kwa adabu.

Msamaha huo ulidumu mpaka jioni. Nilipokuwa nikilifungua gurudumu ili niwape watoto, nilibandua kile kibandiko cha bei. Chini yake kulikuwa na maandishi madogo ya kiwandani: ikiwa imezungushwa, wati 1,000, ikiwa imekunjuliwa, wati 3,000. Onyo lenyewe, hilo moja lililokuwa na faida kwangu, lilikuwa limebandikwa bei juu yake. Kisha nikakata waya nikamenya ganda. Ubavuni umeandikwa unene wa milimita za mraba 2.5, lakini nilipouweka kando ya kipande cha 2.5 halisi, nyuzi zake zilikuwa kama nusu ya zile. Nilikwangua uzi mmoja kwa ncha ya kisu: wekundu ukatoka kama rangi ya kucha, ndani ukabaki weupe. Ilikuwa alumini iliyopakwa shaba, na alumini hupitisha umeme vibaya kuliko shaba ya unene uleule. Hata ningeikunjua yote, sidhani kama ingenifikisha mbali.

Anayeniuliza kama basi gari la umeme halifai kwa mtu asiye na uwanja nitamjibu kwamba linafaa, tena sana, baada ya kazi kufanywa inavyotakiwa. Fundi wa Makorora alinivutia waya wa shaba halisi kutoka kwenye meni swichi mpaka barazani, ukiwa na breka yake peke yake, aina ile inayokata umeme ukivuja, na akaniwekea soketi yenye mfuniko wa kuzuia mvua chini ya paa la baraza. Alichimbia pia nondo mpya ya ethi, ile inayoupeleka ardhini umeme unaovuja, kwani ya zamani ilikuwa imeliwa na chumvi ya bahari hadi ikabaki kama njiti, na chaja ya gari hukagua ethi kabla ya kuwasha. Taa nyekundu niliyokuwa nikiiona mara kwa mara, nikidhani chaja ni mbovu, ilikuwa ikinilalamikia ethi.

Kuhusu njia ya watu, jamvi nimeliondoa. Fundi wa kuchomelea alinitengenezea mkono wa bomba unaozunguka kwenye bawaba, wenye kimo cha kumwezesha mama mwenye sinia la mihogo kichwani kupita bila kuinama. Jioni nauvuta nje na kebo ya chaja yenyewe inaning'inia mpaka kwenye gari, na alfajiri naurudisha ukutani. Kabla ya kuufunga nilimwona mwenyekiti wa mtaa na majirani wa pande zote mbili, kwa sababu njia si yangu. Bi mkubwa wa nyumba ya pili alikubali kwa sharti kwamba aruhusiwe kuchaji simu yake kwenye "kituo", na hadi leo anakuja.

La gharama ni fupi. Kulijaza gari kunanila uniti 20 hivi, na hilo linanipeleka Muheza na kunirudisha. Lakini aliye kwenye kundi la matumizi madogo la LUKU, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, ajue kwamba ukomo wake ni uniti 75 kwa mwezi, na kwamba kulijaza gari mara nne tu kunauvuka hata kama nyumba nzima inalala gizani. Mimi nilihamishwa kutoka uniti ya shilingi 100 kwenda ya 292, kabla ya kodi na tozo, na hata hivyo kulijaza kunagharimu kama lita mbili na ushei za petroli. Sina malalamiko hapo. Gari ninalifurahia, ukimya wake unanifurahisha, na bodaboda wa kona wameacha kuuliza kama linapiga shoti kwenye madimbwi.

Kwa furaha hiyo nilikuwa nimeamua kupandisha hukumu yangu hadi nyota mbili, kwamba pengine ekstensheni ile inawafaa watu wa maulidi. Lakini juzi nilipita mbele ya duka lile. Zilikuwa zimetundikwa nne mlangoni, na kibandiko cha bei kiko palepale, juu ya yale maandishi. Nyota ni moja.