Rangi ya marumaru ya bafuni: msinunue. Au nunueni, ila mnisikilize kwanza

Hasira hii ninayo tangu kabla ya mvua za vuli. Nilidhani itapoa, haijapoa, basi naandika.

Kila mwenye nyumba ya zamani anaijua shida yenyewe. Marumaru za ukutani bafuni zimechakaa, zile ndogo nyeupe za nchi sita kwa sita walizopenda wazee wetu. Nyingine zina nyufa, grauti, ile saruji ya kuziba maungio yake, imeshakuwa nyeusi na Jiki haiisaidii tena. Unabomoa uweke mpya, au unapaka rangi juu yake yaishe? Mimi nilipaka. Ukiniuliza leo nitakwambia bomoa. Kesho sijui nitasema nini, maana kuna ukuta mmoja mle ndani unanisuta, nitaufikia.

Niliuziwa ile ya makopo mawili, kubwa na dogo, unachanganya ukiwa tayari kabisa kupaka kwa sababu ikishachanganywa haimsubiri mtu. Duka ni la Kariakoo, kubwa, lina kiyoyozi, silitaji. Kijana wa kaunta aliniambia kwa mdomo wake mwenyewe: "Mama, hii ni epoksi. Inashika hata kwenye kioo." Nikamuuliza habari ya msasa, kwa kuwa fundi rangi wangu alishanitajia. Akacheka. "Msasa ni wa hizi rangi za mafuta za kawaida. Hii futa na thina, paka, halafu siku saba msimwage maji."

Siku saba tulizitimiza. Nyumba nzima tulihamia bafu la uani, la kuoga kwa ndoo, pamoja na baba mkwe ambaye goti linamsumbua na kila asubuhi alihakikisha nalisikia likitajwa. Sidanganyi, ilipokauka bafu lilipendeza. Rangi ya maziwa, inang'aa, ule weusi wa grauti huuoni. Shoga zangu waliletwa kuangalia bafu! Nikatamba.

Kisha tukaanza kuoga.

Haukupita muda, chini ya shawa, usawa wa kiuno, kikatokea kilengelenge. Ukikibonyeza kinacheza, ndani kuna maji. Nikajizuia kukigusa, lakini wapi. Siku nilipokichokoa kwa kucha nikavuta, na rangi ikaja nzima nzima kama utando wa maziwa yaliyochemka, mistari ya grauti imejichora juu yake. Nikaigeuza. Upande wa nyuma, ule uliotakiwa uwe umeng'ang'ania ukuta, ulikuwa laini na unang'aa kuliko wa mbele. Marumaru iliyokuwa chini yake ilibaki nyeupe tupu, haina hata doa la rangi. Ilikuwa haijashika kitu hata siku moja. Ilijiegemeza tu.

Nikaenda stoo kulitafuta kopo. Maelekezo yapo, yana mpaka michoro, ila stika ya bei ya lile duka imebandikwa juu yake pale pale. Nikailoweka kwa maji ya moto nikaibandua. Mchoro wa pili: mkono umeshika msasa. Na maneno yake, piga mpaka mng'ao uishe.

Nilipanda daladala na kopo mkononi, ile ngozi ya rangi nimeitia kwenye mfuko. Kijana yule yule, kaunta ile ile. Nikamwekea vyote mezani, nikamweleza. Hakuinua macho kwenye simu.

"Mama, kwani nyumbani kwako mnaoga wangapi?"

Nikadhani sijasikia vizuri. Akarudia. Kwa bumbuwazi nililokuwa nalo nikamjibu, nikasema tupo saba. Akatikisa kichwa, tena kwa huruma. "Hapo sasa. Hayo ni matumizi makubwa."

Matumizi makubwa! Bafuni! Hapa ni Dar es Salaam, mwezi wa kwanza unatoka jasho ukiwa umekaa kitako. Mtu anaoga asubuhi, anaoga jioni, watoto wakitoka kucheza wanaoga tena. Rangi ya bafuni isiyotaka watu waoge ni rangi ya nini? Ya sebuleni? Nikamtaka meneja. Ametoka. Anarudi saa ngapi? "Akirudi." Mzee mmoja aliyekuwa ananunua koki akaniambia kwa upole, "Mwanangu, nenda nyumbani, hapa utapata presha bure." Hata shikamoo nilikuwa sijampa, nilivyokuwa nimepandwa.

Pesa ya kopo nilishaisamehe. Lile swali sijalisamehe. Nikiwa naosha vyombo linanijia. Ningemjibu vizuri zaidi, majibu mazuri yote yamekuja nikiwa nimeshafika Buguruni.

Haya, nitende haki. Nilimwita fundi marumaru, mtu mzima, si wa maneno mengi. Hakuiangalia rangi kabisa. Alichukua tindo akaligeuza, akaanza kugonga ukuta kwa kichwa cha tindo hilo, kigae kimoja kimoja, huku ametega sikio. Nyuma ya sinki mlio ulikuwa mzito, wa kitu kilichoshiba. Chini ya shawa, karibu safu zote zililia tupu. "Mama, hizi tailizi zimeachia lipu zamani. Grauti imekufa, maji yanapita, yanakaa nyuma. Hata ungepiga msasa ukapaka rangi ya meli, maji ya nyuma yangeisukuma." Akanionyesha na ukungu mweupe mgumu juu ya marumaru. Maji yetu ni ya kisima, yana chumvi, na ule ukungu thina hauuwezi, unatolewa kwa dawa yenye asidi kabla hata ya kuwaza rangi. Kwa hiyo nusu ya kosa si la kopo. Sikufurahi kusikia hivyo, nilikuwa nimeshazoea kulichukia zima.

Nikamuuliza kama anaweza kubandika mpya juu ya za zamani, maana nimeona watu wanafanya na inaokoa vumbi. Akasema inawezekana zikiwa zimeshika. Huwezi kubandika juu ya kitu kinachoanguka.

Tukabomoa ukuta wa shawa peke yake. Na hapa ndipo wale mnaosema "bomoa tu" mnatakiwa mkae chini. Marumaru hazitoki peke yake, zinatoka na lipu. Nyuma ya lipu kulikuwa na bomba la chuma la enzi hizo, limeliwa na kutu, na tindo lilipolifikia maji yakaruka mpaka darini. Koki kubwa ya nje haikufunga. Tuliita fundi bomba usiku, na fundi bomba wa usiku anajua kuwa ni usiku. Halafu kifusi: magunia, guta, mabishano ya wapi kinamwagwa. Halafu lipu mpya yenye dawa ya kuzuia maji, kusubiri ikauke, gundi, grauti. Ukuta mmoja ulikula zaidi ya mara mbili ya gharama ya rangi yote, na tukarudi tena uani kwenye ndoo. Baba mkwe safari hii hakusema kitu, ambayo ni mbaya zaidi.

Ila sasa shawa ni imara. Unaoga huangalii ukuta.

Na ule ukuta unaonisuta ni wa nyuma ya sinki. Ulipakwa siku ile ile, rangi ile ile, bila msasa vile vile, na mpaka leo haujatoa kilengelenge hata kimoja. Kwenye pembe moja nilijaribu kwa kucha, ikainuka kidogo, nikaacha haraka. Najua ipo kwa sababu hakuna maji yanayoipiga. Lakini ipo, na ni nzuri kuliko marumaru mpya, ambazo nilizinunua kwa hasira na hazikuoana na kitu chochote.

Fundi anataka kuubomoa na huo ili kuta zifanane, hesabu ameshaniandikia. Nimemwambia asubiri kwanza. Rangi naipa nyota mbili, nilipoanza kuandika nilikusudia moja. Duka halipati kitu, na mkienda kwao, bandueni stika ya bei kabla hamjatoa pesa.