Kumlalamikia dalali wa mahakama: yaliyonikuta hapa Pemba

Mume wangu alishindwa kesi ya deni la biashara. Hilo sina ubishi nalo, dawa ya deni kulipa. Nilichokwenda kulalamikia ni dalali wa mahakama, yule anayetumwa kukamata mali ya mdaiwa, alivyolikusanya. Alifika na vijana wake adhana ya magharibi imeshasomwa, wakatoa kabati na televisheni, kisha wakabeba cherehani yangu, ambayo nimeinunua kwa pesa yangu ya ushoni. Orodha ya vitu hakuacha. Akataka na pesa ya gari, nikampa, risiti hakuna.

Jirani zangu wote waliniambia niache, mtu wa serikali hashitakiwi. Si kweli. Dalali anatumwa na mahakama kwa hati, na mahakama iliyomtuma ndiyo inayomuuliza alivyoitumia. Nilikwenda ofisi ya Kituo cha Huduma za Sheria, hichi kilichoanzishwa mwaka 1992 na chenye ofisi Unguja na Pemba, na hapo ndipo nilipofunguka macho. Kumbe sheria yetu ya mwenendo wa madai, Sura ya 8, haimruhusu kuingia nyumba ya mtu baada ya jua kuzama kwa kazi hiyo. Tena nguo za kuvaa, vyombo vya kupikia na zana za fundi anazopatia riziki havikamatwi. Cherehani yangu ilikuwa na kinga mara mbili: ni zana ya kazi, na ni mali ya mke. Kwetu Waislamu mali ya mke ni yake, deni la mume haliigusi.

Nilishauriwa niandike mambo mawili mbalimbali, na huu ndio ushauri ulioniokoa. Moja ni pingamizi la kukamatwa mali, kwa ajili ya cherehani, na hili halisubiri, kwani kikishapigwa mnada kukirudisha ni kazi kubwa. La pili ni barua ya malalamiko kuhusu mwenendo wa dalali mwenyewe, kwenda kwa hakimu aliyetoa amri, nakala kwa Mrajis, yaani msajili, wa Mahakama Kuu. Ukiyachanganya, hakimu atashughulikia mali, na tabia ya dalali ipite hivi hivi.

Nilipeleka risiti ya duka nililonunulia cherehani, barua ya sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wetu, na majina ya majirani wawili walioona saa aliyoingia. Barua ya sheha ilinisaidia sana kwa sababu hakuarifiwa kabla, na aliandika hivyo bila kuogopa. Mungu amlipe. Nakala yangu niligongewa muhuri wa kupokelewa. Bila ya muhuri ule karani angeweza kuniambia hajaiona, na kweli safari moja alinambia hivyo.

Pingamizi lilisikilizwa upesi kuliko nilivyotarajia na cherehani ikarudi, sindano imevunjika lakini inashona. Malalamiko yalikwenda polepole. Nenda rudi, leo hakimu ana safari, kesho jalada halionekani. Mwisho dalali aliitwa, akatakiwa aeleze kwa maandishi kuhusu ile saa na zile pesa. Pesa yangu sijarudishiwa, na ninaifuatilia mpaka nijibiwe.

Huduma yenyewe naipa wastani. Waliokaa kunisikiliza walinisikiliza kwa heshima, hilo nalisema wazi. Lakini pale mahakamani hakuna hata karatasi moja ukutani inayomwambia mtu amlalamikie wapi dalali, wala ada halali za dalali ni kiasi gani. Wabandike, kwa Kiswahili, mlangoni, mama yeyote wa shamba aweze kuisoma.