Uzoefu wangu: kumtafuta bibi wa ukoo aliyeletwa Tasmania kama mfungwa

Jamani naomba nieleze hili kwa yeyote anayetafuta mtu wake huku, maana mimi nimepoteza hela kabla ya kugundua kumbe kila kitu kipo bure.

Mimi ni Mtanzania, nimeolewa Hobart, mji wa kisiwa cha Tasmania, Australia. Mama mkwe anagonga miaka 76, na tangu utoto wake akiuliza habari za yule bibi wa zamani anaambiwa alikuja na meli, basi, yaishe. Wanawake wafungwa kama 12,500 walishushwa huku kutoka Uingereza na Ireland mpaka 1853, na kuwa na mmoja kwenye ukoo ilikuwa aibu, watu wanaificha mpaka kaburini.

Nikaanza na websaiti moja ya kulipia, sitaitaja. Miezi miwili wamekata hela kwenye kadi, wakanipa mti wa ukoo uliojazwa na watu wengine, ndani yake bibi kazaa miaka mitatu baada ya kuzikwa. Nikaachana nao.

Ndo nikaingia Tasmanian Names Index, orodha ya mtandaoni ya majina kwenye kumbukumbu za zamani, ya Libraries Tasmania. Shida yake ni majina tu, wanawake wa jina moja walikuwa kibao, kwa hiyo usianze na jina anza na ndoa. Mfungwa alikuwa haolewi bila ruhusa ya serikali, na daftari la ruhusa linaandika bwana harusi na bibi harusi na meli zilizowaleta. Hapo ndo nikaiona: Rajah, 1841. Ukishapata meli umempata mtu.

Kesi yake nimeisoma Old Bailey Online, websaiti ya kesi za zamani za mahakama ya London, bure pia, aliiba mashuka na gauni kwa tajiri yake, akahukumiwa miaka 7. Halafu nikafungua daftari la mwenendo wa wanawake wafungwa, namba yake CON40, ukurasa wenyewe umeskaniwa. Mwandiko mgumu, vifupisho vitupu, siku tatu nazuum mpaka macho yanauma, mpaka maelezo ya Female Convicts Research Centre yakanifungua. Katoroka usiku mmoja, kamjibu bosi vibaya, halafu mstari mmoja mfupi: kajifungua mtoto nje ya ndoa. Adhabu yake miezi 6, Cascades Female Factory, gereza la wanawake la hapa Hobart.

Hapo nililia. Cascades naipita kila wiki nikimpeleka mwanangu mpira, zile kuta za mawe zipo mpaka leo, sikuwahi kujua kuna damu yetu humo. Nikatafuta mtoto kwenye index hiyo hiyo, nikamkuta kwenye vifo. Miezi 8. Vichanga walikufa wengi sana pale.

Nikaprinti nikampelekea mama mkwe. Akaweka kidole juu ya ule mstari, akakaa nao muda mrefu hasemi kitu, kilembwe wa yule bibi, nywele zote nyeupe.

Kwa huduma ya bure nawapa 5 kwa 5, ila uwe na subira na mwandiko na kila tarehe uilinganishe na daftari lingine.

Halafu kuna kitu sikukijua kabisa, wanawake wa Rajah walishona tandiko la vipande vya vitambaa njiani baharini, lipo National Gallery of Australia kule Canberra. Halitolewi mara kwa mara kwa vile limechoka. Mama mkwe ameniomba niwaulize lini watalionyesha tena, kesho asubuhi nawapigia.