Tathmini: Orodha ya Pulsa ya ATNF kwa Anayetaka Kuzipima Nadharia za Graviti

Orodha ya pulsa ya ATNF (kituo cha taifa cha darubini za redio cha Australia), inayotunzwa na shirika la utafiti la nchi hiyo, CSIRO, hutolewa bure mtandaoni, na kwa mtu anayetaka kuzipima nadharia zinazoshindana na ile ya Einstein kuhusu graviti, sijaona pa kuanzia palipo bora zaidi. Ina rekodi za pulsa zaidi ya 3,000, yaani nyota za nyutroni (mabaki mazito mno ya nyota zilizolipuka) ambazo mapigo yake ya redio hutufikia kwa mpangilio thabiti kiasi cha kutumika kama saa.

Sura ya ukurasa wenyewe haivutii. Umejaa visanduku vya kuteua vyenye vifupisho visivyojieleza: PB ni muda wa obiti kwa siku, ECC ni kiasi ambacho obiti imepotoka kutoka kwenye duara, na PBDOT ni kasi ya kubadilika kwa muda huo wa obiti. Mgeni atahangaika kidogo. Akishavizoea, atagundua kwamba thamani ya huduma hii imo katika sehemu ya kuandika masharti: ukitaka PB iwe chini ya siku 1 na PBDOT iwe imepimwa, maelfu yale hupungua na kubaki kundi dogo, na humo ndimo zilimo pulsa zinazostahili kazi hii. Utaikuta J0737−3039, mfumo wa pulsa mbili uliogunduliwa mwaka 2003, ambao matokeo yake ya mwaka 2021 yaliafikiana na Einstein kwa usahihi wa asilimia 0.013. Utaikuta pia J1738+0333, inayozungukana na nyota kibete nyeupe, yaani kiini kilichosalia cha nyota ya kawaida iliyozimika. Hii ya pili naithamini zaidi kwa kazi tunayoizungumzia, kwa kuwa nadharia nyingi zinazoongeza uga wa skala (uga wa ziada wenye thamani moja tu kila mahali, unaoshiriki katika graviti) hubashiri kwamba miili miwili isiyofanana ikizungukana itapoteza nishati kwa njia ya ziada, mbali na mawimbi ya graviti yaliyomo katika nadharia ya Einstein, na obiti yake ingesinyaa haraka kuliko inavyoonekana.

Hata hivyo, tarakimu za orodha hii zisichukuliwe kama zilivyo. Chukua B1913+16, ambayo Hulse na Taylor waliigundua mwaka 1974. Kwa mujibu wa vipimo vilivyochapishwa mwaka 2016, PBDOT yake ni −2.423 × 10⁻¹², ilhali nadharia ya Einstein, ile ya uhusianifu, inadai −2.403 × 10⁻¹². Asiye makini ataona tofauti ya takriban asilimia 0.8 na kudhani kwamba amemkamata Einstein. Ukweli ni kwamba sehemu ya thamani hiyo hutokana na mwendo wa pulsa na wa Jua letu ndani ya galaksi, wala si na graviti ya mfumo wenyewe. Ukishaiondoa, uwiano wa kipimo na nadharia huwa 0.9983, na kosa la kipimo ni 0.0016. Masahihisho hayo msomaji anapaswa kuyafanya mwenyewe, na huhitaji umbali wa pulsa, jambo ambalo ndilo udhaifu mkubwa zaidi hapa: umbali unaoonyeshwa chini ya DIST mara nyingi umekadiriwa kwa modeli ya YMW16, kutokana na jinsi elektroni zilizotapakaa angani zinavyoyachelewesha mawimbi ya redio, na makadirio ya namna hiyo yanaweza kukosea sana. Ni afadhali kutazama DIST_A, ambamo umbali uliopatikana kwa njia nyingine huwekwa.

Kwa upande wa marejeo sina lalamiko, kwani kila thamani huambatana na alama ya chapisho ilikotoka, na ukiomba kosa la kipimo hupewa. Rekodi ya pulsa moja moja hutolewa pia katika mpangilio unaosomwa na TEMPO2, programu ya kuchanganua nyakati za mapigo ya pulsa, hivyo mwenye data zake za nyakati za mapigo hana haja ya kunakili vigezo kwa mkono.