PayPal hadi M-PESA, Payoneer, Wise na benki: ni ipi inayokula dola yako kidogo zaidi ukiuza ng'ambo kutoka Mombasa

Ukiuzia watu wa nje ukiwa Mombasa, mstari ulioandikwa "ada" ndio wa mwisho kuutazama. Mara nyingi utaukuta ni sifuri, au ni vijisenti vya kukufanya uridhike. Pesa yenyewe huliwa kwenye reti, yaani bei ya kubadilishia sarafu, na reti haitoi risiti.

Kwa hivyo huduma zote hapa zimepimwa kwa kipimo kimoja. Fungua tovuti ya Benki Kuu ya Kenya asubuhi ya siku ya kazi uchukue wastani wa bei ya dola. Kisha chukua shilingi zitakazokufikia mkononi, baada ya kila kato, uzigawanye kwa dola ulizotoa. Hiyo ndiyo reti yako halisi. Itoe kwenye wastani wa Benki Kuu, gawanya jibu kwa wastani huohuo, zidisha mara mia, na umepata asilimia uliyolipa. Tuseme wastani ni 129 na umetoa dola 600. Kwa haki zingekuwa shilingi 77,400. Zikikufikia 75,078, reti yako ni 125.13, nawe umelipa asilimia 3, yaani shilingi 2,322, hata kama ukurasa uliandika kwamba huduma ni bure.

Kabla ya kuuliza reti, hesabu pesa inabadilishwa mara ngapi njiani. Hapo ndipo wengi wanapoumia. Mteja wa Ujerumani akilipa euro, euro ikageuzwa dola kwa kato la asilimia 3, dola nayo ikageuzwa shilingi kwa kato jingine kama hilo, huna tena 97 kwa mia. Una 94 na senti kidogo. Reti nzuri haiwezi kufidia ubadilishaji mmoja wa ziada.

Tuanze na PayPal kwenda M-PESA, kwa kuwa ndiyo inayotumiwa na kila mtu, kuanzia muuza vikoi hadi kijana wa kuchora nembo huko Kisauni. Huduma hii ipo tangu 2018. Unaingia kwenye ukurasa wake maalumu, unaunganisha akaunti ya PayPal na namba ya Safaricom, unathibitisha kwa msimbo unaotumwa kwa ujumbe mfupi, unaandika kiasi, unaoneshwa shilingi utakazopata, unakubali. Mara nyingi pesa huingia haraka. Kwa wepesi haina mpinzani. Kwa bei, ni ghali: pengo kati ya reti yake na wastani wa Benki Kuu huwa karibu asilimia 3, na huwezi kulikwepa, kwa sababu akaunti ya PayPal haishiki shilingi ya Kenya. Dola lazima igeuzwe inapotoka.

Kinachokwepeka ni kile kinachotokea kabla ya hapo. PayPal yaweza kushika euro, pauni na dola kila moja katika mfuko wake, lakini ukiiacha ijiamulie, malipo ya euro yanaweza kugeuzwa dola papo hapo, na kato lake la kubadilisha sarafu ni kati ya asilimia 3 na 4 kutegemea aina ya muamala. Ingia kwenye mipangilio ya malipo, tafuta sehemu ya sarafu, ufungue mfuko wa kila sarafu unayopokea mara kwa mara. Tena, andika ankara kwa sarafu ambayo wewe utaitoa, wala si kwa sarafu ya mteja. Mjerumani mwenye kadi hulipa dola bila shida. Akichagua benki yake imbadilishie, aghalabu ni kwa bei nafuu kuliko PayPal. Siku ya kutoa, soma hatua ya kuthibitisha kabla ya kubonyeza. Ukiona euro imepitia dola kwanza ndipo ikawa shilingi, rudi nyuma.

Mipaka ya M-PESA nayo iweke kichwani. Muamala mmoja hauzidi shilingi 250,000, na akaunti haishiki zaidi ya 500,000. Kwa reti ya 125, shilingi 250,000 ni dola 2,000 kamili. Ukiwa tayari na shilingi 300,000 kwenye simu na unataka kuingiza 250,000, muamala utakwama. Lipa mafundi na wauza vitambaa kwanza, ndipo uvute. Usisahau kato la kutoa kwa wakala: shilingi 309 kwa kiasi kinachozidi 50,000. Kwa dola 600 hilo ni chini ya nusu asilimia, lakini anayetoa dola ishirini ishirini kila mara hujikata mwenyewe kwa kila safari.

Tatizo linalosumbua Pwani kuliko kwingine ni majina. Jina la PayPal linatakiwa lilingane na lile la usajili wa laini. Kitambulisho kimeandikwa Mohamed, PayPal imeandikwa Muhammad. Kitambulisho kina majina matatu na "bin" katikati, PayPal ina mawili. Bibi harusi amefungua PayPal kwa jina la mume na laini bado ina jina la babake. Kuunganisha kutakataliwa, au pesa itasimama njiani. Rekebisha upande wa PayPal, kwa kupakia picha ya kitambulisho, kabla hujapokea dola ya kwanza. Kubadilisha jina wakati akaunti ina dola 900 ndani ni kuomba ukaguzi, na ukaguzi haujui kwamba una kodi ya duka.

Payoneer inafaa kundi jingine: wanaolipwa na majukwaa na makampuni, si na mteja mmoja mmoja anayenunua chano cha mninga. Inakupa namba za akaunti za kupokelea dola, euro na pauni, kisha unatoa kwenda benki ya Kenya. Ukitoa kwa sarafu tofauti na iliyoingia, kato lake hufika hadi asilimia 3, kwa hiyo usidhani umeikimbia PayPal. Faida yake ni kwamba kila sarafu hukaa mahali pake hadi uamue. Kasoro yake ni ada ya mwaka: akaunti isiyopokea vya kutosha katika miezi 12 hutozwa dola 29.95. Aliyepokea dola 1,000 kwa mwaka mzima ameongezewa karibu asilimia 3 nyingine juu ya ile ya kwanza. Muuzaji mdogo, hii si yako bado.

Wise ndiyo yenye hesabu safi kuliko zote. Hubadilisha kwa reti ya kati ya soko, yaani katikati ya bei ya kununua na ya kuuza, na kuandika ada yake kando, mtumaji akaiona kabla ya kutuma. Upungufu wake kwa upande wetu ni kwamba mteja ndiye anayetakiwa kuwa nayo: anatuma kutoka Uingereza au Marekani, shilingi zinaingia M-PESA au benki yako. Kwa mteja wa jumla anayechukua vikoi sitini kila mwezi na mnaaminiana, mwombe atumie hii, hata ukimpunguzia asilimia 1 ya bei, na bado utabaki na faida. Kwa mteja mgeni usimsukume. Ukilipwa hivi hakuna kinga ya mnunuzi kama ya PayPal, na mteja anayejua hilo atakushuku, kwa haki.

Sasa benki. Wengi huogopa akaunti ya dola wakidhani ni ya wenye meli, kumbe hapo ndipo malipo makubwa hubadilishwa kwa bei nafuu. Pesa ikija kwa SWIFT, mtandao wa benki wa kutumiana pesa kimataifa, makato mengi hayaendi kwa asilimia: benki inayotuma hukata, benki ya kati kule New York hukata, na yako hapa hukata, pamoja na ushuru wa bidhaa juu ya ada hiyo. Tuseme jumla ya makato hayo ni dola 30. Kwa malipo ya dola 200 hiyo ni asilimia 15, wazimu mtupu. Kwa dola 1,000 ni asilimia 3, sawa na PayPal. Kwa dola 5,000 ni asilimia 0.6. Kwa hiyo mpaka uko karibu na dola 1,000: chini ya hapo kaa na simu, juu ya hapo nenda benki.

Mwambie mteja achague herufi tatu sahihi anapotuma. OUR maana yake makato yote ni yake, SHA mnagawana, BEN yote ni yako. Asipochagua, kwa kawaida huwa SHA, na ankara ya dola 1,500 inafika pungufu ya dola 15 au 25 bila mtu wa kulaumiwa. Kisha usikubali reti iliyobandikwa ubaoni. Reti ya ubaoni ni ya watalii. Piga simu tawini, omba dawati la fedha za kigeni, taja kiasi, uliza "mnanunua kwa ngapi sasa hivi?" Uliza benki mbili, pale Nkrumah Road zimepangana, waweza kuvuka barabara tu. Senti 80 kwa kila dola katika dola 5,000 ni shilingi 4,000 kwa simu mbili. Na uwe na ankara na hati ya kusafirishia mzigo tayari, kwani benki itauliza pesa ni ya nini kabla ya kuiachilia.

Wako wanaoweka dola kwenye akaunti wakisubiri ipande. Hiyo si kupunguza makato, ni kamari. Januari 2024 dola ilifika karibu shilingi 160, na kabla ya Aprili ilikuwa karibu 130. Aliyengoja 170 alipoteza karibu moja ya tano ya mali yake, kwa kuogopa kato la asilimia 3. Akaunti ya dola ina maana kwa mwenye matumizi ya dola, na wauzaji wengi wa hapa wanayo, kwa sababu mzigo wao unatoka Dubai au Guangzhou. Kama dola za wateja ndizo zitakazomlipa msambazaji, zisiguse shilingi kabisa. Kila anayezigeuza shilingi Jumatatu na kununua dola Alhamisi amelipa mlango wa kutoka na wa kuingia.

Malipo ya Dubai yana kipimo chake chepesi. Dirhamu imefungwa kwa dola kwa 3.6725 tangu 1997, haipandi wala haishuki. Ankara ya Deira, mtaa wa maduka wa Dubai, ya dirhamu 3,672.50 ni dola 1,000, leo na kesho. Wakala akikupa 3.60 kwa dola, amekula karibu asilimia 2, na hakuna soko la kusingizia. Ukilipa kwa kadi, ikiwemo ile ya Visa ya M-PESA GlobalPay, na mashine au tovuti ikakuuliza ulipe kwa shilingi ya Kenya au kwa sarafu ya muuzaji, chagua sarafu ya muuzaji. Shilingi inayooneshwa hapo imebadilishwa na mwenye mashine kwa reti aliyojipangia.

Maduka ya kubadilisha pesa ya Moi Avenue na Digo Road ni ya noti tu, hayahusu dola iliyo mtandaoni. Yafaa kwa mtalii aliyekulipa taslimu. Noti za zamani, zilizochanika au ndogo ndogo hupewa bei ya chini au hukataliwa, kwa hiyo zikague kabla mteja hajaondoka.

Wanaouza kupitia duka la Etsy, soko la mtandaoni la kazi za mikono, la ndugu aliye ng'ambo waangalie kitu kimoja: bidhaa ikiwekewa bei kwa sarafu tofauti na ya akaunti ya malipo, Etsy hukata asilimia 2.5 zaidi, juu ya asilimia 6.5 yake ya kila mauzo. Kuweka bei kwa sarafu ya akaunti ni kazi ya dakika tano.

Kwa wanaolipa kodi ya mauzo ya asilimia 3, ile ya biashara za kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka, makato ya kubadilisha pesa hayapunguzi kodi. Inatozwa juu ya mauzo yote, si juu ya kilichokufikia. Andika kila mauzo kwa dola yake na wastani wa Benki Kuu wa siku ile, na kando yake shilingi zilizoingia.

Marejesho ndiyo yanayouma kuliko yote, na hayamo kwenye bango lolote. Mteja akirudisha kanzu kwa sababu ya kipimo, PayPal humrudishia pesa yake yote lakini ada uliyokatwa wakati wa kupokea hairudi kwako. Ukiwa umeshatoa dola zote kwenda M-PESA, utalazimika kuzinunua upya kwa shilingi, kwa reti ya kuuza. Acha humo dola za kutosha oda zako mbili kubwa hadi muda wa kurudisha bidhaa uishe, na vipimo vya kanzu viandike kwa sentimita.